Milinganyo ya kwadratiki kwa njia ya vigawo: kwa nini lazima upande mmoja uwe sifuri?

Mjomba wa Uyole (Mbeya) ameandika:

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Ninaishi Uyole pamoja na mpwa wangu aliye Kidato cha Pili, na jioni baada ya kazi huwa tunakaa mezani kupitia daftari lake la Hisabati. Kwa sasa wamefika kwenye milinganyo ya kwadratiki, yaani ile yenye x², na wameanza na njia ya kutafuta vigawo, yaani mabano mawili ambayo yakizidishwa hutoa upande mzima wa mlinganyo. Mada hii niliisoma zamani na namna ya kuifanya bado ninaikumbuka, lakini kukumbuka hatua ni jambo moja na kumweleza mtoto sababu ya kila hatua ni jambo lingine kabisa. Mpwa wangu hakubali hatua ambayo hakuelezwa sababu yake. Naiona hiyo kuwa sifa njema, nami sipendi kuizima kwa kumwambia kwamba ndivyo inavyofanywa.

Swali la kwanza lililotukwamisha ni (x − 2)(x − 3) = 12. Aliandika x − 2 = 12 au x − 3 = 12, akapata 14 na 15, akapewa kosa kwa yote mawili bila maelezo. Hoja yake ni kwamba siku iliyotangulia walifanya darasani (x − 2)(x − 3) = 0, wakaandika x − 2 = 0 au x − 3 = 0, na wote wakapata vema. Ananiuliza: ikiwa sifuri inaruhusiwa kupelekwa kwenye kila mabano, kumi na mbili imekatazwa kwa sababu gani?

La pili ni x² = 7x. Aligawanya pande zote kwa x, akapata x = 7, akapewa nusu ya alama. Tumeweka 7 mahali pa x na pande zote zimetoa 49, kwa hiyo jibu lake si la uongo. Tungependa kujua nusu ya pili ilipotelea wapi.

La tatu ni 6x² + 7x − 20 = 0. Hapa amejaza ukurasa mzima akijaribu mabano ya kila namna, akayafuta, akajaribu mengine. Pale x² isipokuwa na namba mbele yake anafanya vizuri na kwa haraka, lakini namba kama 6 ikikaa pale anabaki kubahatisha. Je, upo utaratibu wa uhakika?

Naomba majibu yenye sababu. Shuleni anasoma somo hili kwa Kiingereza, lakini nyumbani tunajadiliana kwa Kiswahili, na nimegundua kuwa jambo akishalielewa vizuri nyumbani, huko darasani halimsumbui tena.


Mwalimu Kihesa (Iringa) amejibu:

Kamwene, Mjomba. Mpongeze mpwa wako kwa niaba yangu, kwa sababu swali lake la kwanza ndilo moyo wa njia hii nzima, na wanafunzi wengi hufika Kidato cha Nne wakiandika "= 0" kwa mazoea bila kuliuliza hata mara moja.

Mwambie achukue karatasi na aandike namba mbili ambazo zao lake ni 12. Ataanza na 3 na 4, kisha 2 na 6, kisha 1 na 12. Mwambie aendelee: −3 na −4, 24 na nusu, 48 na robo. Hatamaliza, kwa kuwa jozi hizo hazina mwisho. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba namba mbili zimezidishwa zikatoa 12, hajakuambia lolote la uhakika kuhusu namba yoyote kati ya hizo mbili. Ya kwanza inaweza kuwa namba yoyote ile isipokuwa sifuri, na ya pili itajirekebisha ili zao libaki 12. Ndiyo sababu hatuna haki ya kuandika x − 2 = 12; hakuna kitu katika mlinganyo ule kinachosema hivyo.

Sasa abadilishe 12 iwe sifuri. Namba mbili zimezidishwa zikatoa sifuri. Tuseme ile ya kwanza si sifuri. Kwa kuwa si sifuri, tunaruhusiwa kugawanya pande zote kwa hiyo namba, na sifuri ikigawanywa kwa namba isiyo sifuri hutoa sifuri. Basi ya pili ni sifuri. Hakuna njia ya kukwepa: moja kati ya hizo mbili ni lazima iwe sifuri. Tabia hii ni ya sifuri peke yake, na namba nyingine yoyote ukiiweka upande wa kulia, iwe 12, iwe 1, iwe −5, hoja hii inavunjika. Kwa hiyo tunapopeleka kila kitu upande mmoja na kuacha sifuri upande wa pili, tunajenga mazingira ambamo vigawo vinaweza kutuambia kitu.

Kabla ya kutatua upya, mwambie ahakiki 14 yake. 14 − 2 ni 12, na 14 − 3 ni 11, zao lake ni 132. Kuona kwa macho kwamba 132 imetokea mahali palipotakiwa 12 kutamfundisha zaidi ya kalamu nyekundu.

Njia iliyo sahihi ni kufungua mabano kwanza: x² − 5x + 6 = 12. Toa 12 pande zote, upate x² − 5x − 6 = 0. Sasa tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −6 na jumla yake ni −5. Hizo ni −6 na 1. Mlinganyo unakuwa (x − 6)(x + 1) = 0, na majibu ni 6 na −1. Ahakiki yote mawili katika swali la mwanzo, si katika hatua ya katikati: kwa 6 anapata 4 × 3, ambayo ni 12, kwa −1 anapata −3 × −4, ambayo pia ni 12. Hapo atatambua jambo la kupendeza, kwamba x − 2 daima huizidi x − 3 kwa moja, kwa hiyo swali lilikuwa linatafuta namba mbili zilizopishana kwa moja na zao lake 12. Mtoto mwepesi angeweza kuliona hilo bila kufungua mabano, lakini asilitegemee, kwani limewezekana kwa sababu tu mtunzi alichagua namba nyepesi.

Kuhusu x² = 7x, kosa ni la aina nyingine, nami naliona kuwa la hatari zaidi kwa sababu linaacha jibu lililo sahihi na kumfanya mwanafunzi aridhike. Kugawanya kwa x kunaruhusiwa iwapo tu x si sifuri. Alipogawanya, alikuwa ameshaamua kimyakimya kwamba x si sifuri, na ilhali sifuri ni jibu: 0² ni 0, na 7 × 0 ni 0. Badala ya kugawanya, apeleke 7x upande wa kushoto, x² − 7x = 0, kisha atoe x nje ya mabano, x(x − 7) = 0. Majibu ni 0 na 7. Nusu ya alama iliyopotea ni hiyo sifuri.

Swali la tatu nawaachia wengine. Nina madaftari ya kusahihisha.


Mkazi wa Mbalizi amejibu:

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini mimi naona mtoto anachoshwa bure. Ipo kanuni ya jumla, x = [−b ± √(b² − 4ac)] ÷ 2a, na kanuni hiyo inatatua kila mlinganyo wa aina hii, uwe na vigawo vizuri au usiwe navyo. Kwa 6x² + 7x − 20 = 0 anaweka a = 6, b = 7, c = −20, anapata majibu bila kujaribu mabano hata mara moja. Mimi ningemfundisha kanuni hiyo leo.


Mwanafunzi wa Mkwawa (Iringa) amejibu:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mjomba. Ninasomea ualimu wa Hisabati hapa Mkwawa, na swali la tatu ni mojawapo ya mambo ambayo ninapenda sana kuyafundisha, kwa sababu utaratibu wa uhakika upo na sababu yake inaeleweka kwa mistari michache.

Utaratibu wenyewe ni huu. Zidisha namba iliyo mbele ya x² kwa namba iliyo peke yake: 6 × (−20) = −120. Tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −120 na jumla yake ni 7, ile iliyo mbele ya x. Hapa ndipo alama zinapopunguza kazi. Zao ni hasi, kwa hiyo namba moja ni chanya na nyingine ni hasi, na kujumlisha kwao ni sawa na kutafuta tofauti. Jumla ni chanya, kwa hiyo iliyo kubwa ndiyo chanya. Swali linabaki hili tu: ni jozi gani ya 120 iliyopishana kwa 7? Aziandike kwa mpangilio, kuanzia 1: 1 na 120, 2 na 60, 3 na 40, 4 na 30, 5 na 24, 6 na 20, 8 na 15, 10 na 12. Jozi ni nane tu na zinaisha. Tofauti zinapungua kadiri anavyoshuka, kutoka 119 hadi 2, kwa hiyo hahitaji hata kuanzia juu. Akiona kwamba 6 na 20 zimepishana kwa 14 na 10 na 12 zimepishana kwa 2, anajua jibu limekaa katikati. Ni 15 na −8.

Kisha avunje kipande cha kati kwa namba hizo: 6x² + 15x − 8x − 20 = 0. Vipande viwili vya kwanza vina 3x kwa pamoja, 3x(2x + 5). Viwili vya mwisho vina −4 kwa pamoja, −4(2x + 5). Mabano yamefanana, kwa hiyo yanatolewa nje: (3x − 4)(2x + 5) = 0. Majibu ni 4/3 na −5/2.

Tafadhali Mjomba, mwangalie kwa makini anapofika kwenye ile −4. Mahali hapo wengi huandika −4(2x − 5), kwa kudhani kwamba alama ya kutoa iliyo mbele ya 20 inabaki ilivyo. −4 ikitolewa nje, −20 inaacha +5 ndani. Mabano mawili yasipofanana, kosa huwa liko hapo, wala asirudi mwanzo kutafuta jozi nyingine. Na akipenda kupanga 15x na −8x kwa mfuatano mwingine, 6x² − 8x + 15x − 20, atapata 2x(3x − 4) + 5(3x − 4), vigawo vilevile.

Kwa nini tunazidisha 6 na −20? Tuseme vigawo ni (px + q)(rx + s). Ukifungua mabano unapata pr·x², kisha x mara mbili, ps·x na qr·x, kisha qs. Namba mbili tunazozitafuta ni ps na qr. Jumla yake ndiyo iliyo mbele ya x. Zizidishe: ps × qr. Herufi ni zilezile nne za pr × qs, zimepangwa tofauti tu. Kwa hiyo zao la namba mbili tunazozitafuta ni lazima liwe sawa na zao la namba ya mwanzo na ya mwisho. Mpwa wako, kwa namna ulivyomweleza, nadhani atataka kuuona mstari huu kabla ya kuukubali utaratibu.

Kwa ndugu wa Mbalizi: kanuni ya jumla ni kweli tupu, na mwanafunzi ataihitaji. Lakini mtoto aliyepewa kanuni kabla ya vigawo ataweza kutoa majibu ya 6x² + 7x − 20 = 0 na asijue kwamba 6x² + 7x − 20 ni kitu kilichojengwa kwa kuzidisha vitu viwili. Akifika mahali anapotakiwa kurahisisha sehemu ambayo juu yake kuna 6x² + 7x − 20 na chini yake kuna 2x + 5, kanuni haitamwambia wazi kwamba jibu ni 3x − 4.


Fundi Tukuyu (Rungwe) amejibu:

Naongeza jambo moja kutoka kwenye kazi yangu ya ujenzi, kwa sababu mtoto anayependa sababu atapenda pia kuona mlinganyo huu unatokea wapi.

Huku Rungwe mvua ni nyingi, na nyumba isiyosakafiwa pande zote huchimbwa na maji ya paa mpaka msingi unaonekana. Tuseme nyumba ina mita 12 kwa mita 8, na mwenye nyumba anataka sakafu ya nje iizunguke kwa upana ulio sawa pande zote nne, na eneo lote, nyumba pamoja na sakafu, liwe mita za mraba 252. Upana wa sakafu ni kiasi gani?

Uite upana x. Vijana wanaojifunza kazi kwangu huandika 12 + x na 8 + x, wakisahau kwamba sakafu inaongezeka kushoto na kulia, mbele na nyuma. Urefu mpya ni 12 + 2x, na upana mpya ni 8 + 2x. Basi (12 + 2x)(8 + 2x) = 252. Hapa nimefurahi kumsoma Mwalimu, maana kishawishi cha kuandika 12 + 2x = 252 ni kilekile cha mpwa wako. Fungua mabano: 96 + 40x + 4x² = 252. Toa 252: 4x² + 40x − 156 = 0. Gawanya kwa 4: x² + 10x − 39 = 0. Kugawanya kwa 4 hakuna tatizo, kwa sababu 4 haiwezi kuwa sifuri hata siku moja. Linganisha na kugawanya kwa x katika swali lake la pili. Namba mbili ambazo zao lake ni −39 na jumla yake ni 10 ni 13 na −3. Kwa hiyo (x + 13)(x − 3) = 0, na x ni 3 au −13.

Sakafu ni mita 3: 18 × 14 = 252. Jibu la −13 tunaliacha, lakini mwambie asilifute kabla ya kuliweka kwenye mlinganyo. 12 + 2(−13) ni −14, na 8 + 2(−13) ni −18, na −14 × −18 ni 252. Mlinganyo unalikubali jibu hilo kikamilifu. Ni upande wa sakafu ambao hauwezi kuwa na urefu wa mita −14, na hilo mlinganyo hautakuambia. Lazima ulijue mwenyewe kutokana na swali.


Mwanafunzi wa Mkwawa (Iringa) amejibu:

Fundi, sijui kama ulikusudia, lakini x² + 10x = 39 ni mlinganyo maarufu mno. Ndio mfano alioutumia al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alipoeleza namna ya kutatua milinganyo ya aina hii. Hakuwa na alama za x wala za kujumlisha. Aliandika kila kitu kwa maneno na kukithibitisha kwa michoro.

Mjomba, mchoreeni mpwa wako. Chora mraba wenye upande x. Bandika mstatili wa x kwa 5 upande wa kulia, na mwingine kama huo upande wa chini. Eneo la vyote vitatu ni x² + 10x, ambalo tumeambiwa ni 39. Kwenye kona kumebaki pengo la 5 kwa 5, yaani 25. Ukiliziba, unapata mraba mkubwa wenye eneo 39 + 25 = 64, kwa hiyo upande wake ni 8. Lakini upande huo ni x + 5. Basi x ni 3. Al-Khwarizmi aliishia hapo, kwa sababu wakati wake na mahali pake namba hasi hazikuhesabiwa kuwa majibu. −13 ya Fundi isingeingia kwenye mchoro.


Mjomba wa Uyole (Mbeya) ameandika:

Nawashukuru nyote, na Fundi nakuambia ndaga fijo, yaani asante sana. Mstari wa ps × qr ulimfanya asimame kidogo, akauandika upya kwa mkono wake, kisha akatatua 6x² + 7x − 20 = 0 bila msaada wangu. Mchoro wa al-Khwarizmi ameubandika kwenye jalada la daftari.

Sasa amekuja na jingine. Alijitungia x² + 4x − 6 = 0. Jozi za 6 ni 1 na 6, ambazo zimepishana kwa 5, na 2 na 3, ambazo zimepishana kwa 1. Hakuna iliyopishana kwa 4. Anataka kujua kama yeye ndiye aliyeshindwa au mlinganyo hauna vigawo, na kama kuna namna ya kulijua hilo mapema kabla ya kupoteza muda.


Mwalimu Kihesa (Iringa) amejibu:

Hajashindwa. Jozi ziliisha, na orodha iliyokamilika ni uthibitisho wa kutosha kwamba mlinganyo huo hauna vigawo vya namba kamili. Lakini kuna namna ya kujua mapema, na hapo ndipo ndugu wa Mbalizi anapopata nafasi yake.

Ahesabu b² − 4ac. Ikiwa namba zote tatu za mlinganyo ni namba kamili na hesabu hii ikatoa mraba kamili kama 0, 1, 4, 9, 16, vigawo vipo na jozi itapatikana. Isipotoa mraba kamili, asitafute. Kwa 6x² + 7x − 20 inatoka 49 + 480 = 529, ambayo ni 23 × 23. Kwa mlinganyo wa Fundi ni 100 + 156 = 256, ambayo ni 16 × 16. Kwa ule aliojitungia ni 16 + 24 = 40, na 40 si mraba kamili. Ikitoka hasi, kama kwa x² + x + 1 ambapo inatoka −3, hakuna jibu kabisa miongoni mwa namba alizosoma mpaka sasa, kwa kuwa hakuna namba kati ya hizo ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa hasi.

Hata hivyo asihitimishe kwamba x² + 4x − 6 haivunjiki. Haivunjiki kwa namba kamili wala za sehemu, lakini inavunjika. Namba mbili ambazo jumla yake ni −4 zimekaa sawasawa pande mbili za nusu ya −4, yaani −2. Moja ni −2 + u na nyingine ni −2 − u. Zao lake ni 4 − u². Tunataka zao hilo liwe −6, kwa hiyo u² ni 10, na u ni kipeuo cha pili cha 10. Majibu ni −2 + √10 na −2 − √10, na vigawo ni (x + 2 − √10)(x + 2 + √10). Hakuna kubahatisha jozi hata kidogo. Hila hii ya kuanzia kwenye nusu ya jumla ni ya kale sana. Waandishi wa Babeli waliitumia kwenye vibao vya udongo karibu miaka 4,000 iliyopita, na mwaka 2019 mwanahisabati Po-Shen Loh wa Marekani aliwahimiza walimu waitumie kwa milinganyo hii. Mimi naipenda kwa sababu inamrudisha mwanafunzi kwenye jambo analolijua tayari, jumla na zao, badala ya kumkabidhi kanuni ndefu asiyojua ilikotoka. Ajaribu hila hiyohiyo kwa ax² + bx + c akiwa amegawanya kwanza kwa a, na kanuni ya jumla itamtokea mwenyewe mkononi. Kazi hiyo ni ya Jumamosi, wala asiifanye usiku wa kuamkia shule.

Inafaa pia hata pale jozi zinapokuwa nyingi. Kwa x² − 34x + 288 = 0, kuorodhesha jozi zote za 288 kunachosha. Nusu ya 34 ni 17; 17² ni 289; 289 − u² = 288, kwa hiyo u ni 1, na majibu ni 16 na 18.

Mpe hii minne kwa wiki hii: 3x² = 12x; (x + 1)(x + 4) = 10; 10x² − 11x − 6 = 0; x² − 6x + 7 = 0. Kwa kila mmoja, kabla ya kutafuta jozi yoyote, aandike b² − 4ac na aseme kama vigawo vya namba kamili vipo. Kisha kila jibu alirudishe kwenye mlinganyo kama ulivyoandikwa hapa, si kama alivyoupanga yeye. Ukipata nafasi, piga picha ya ukurasa wa ule wa tatu uiweke hapa, nione alivyoshughulikia alama ya kutoa.